Rupia Iliyopakwa Mafuta

Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu mlioniamkia pale njiani, marahaba, ingawa nikimaliza kusema huenda mtataka niwarudishie shikamoo zenu.

Wengi mmezoea kuniona nakaa nyuma kabisa kwenye jumuiya, rozari ikiisha nimeshatoweka. Mlidhani nina haraka ya shamba. Shamba gani la kunikimbiza hivyo? Nilikuwa naogopa tu kwamba siku moja mwenyekiti atauliza nani ana ushuhuda, na macho yake yataniangukia mimi. Leo nimenyoosha mkono mwenyewe. Sitamtaja mtu jina. Wanaoijua habari hii nawaomba msigeuze shingo kumtafuta mtu mwingine. Tazameni huku kwangu, maana mwenye aibu ni mimi.

Miaka ile nilikuwa Rusumo, nafanya kazi kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo forodhani. Lori likifika mpakani nachukua makaratasi ya dereva, napeleka dirisha hili, narudishwa dirisha lile, nasubiri muhuri. Ndugu zangu, nawaambia, kazi ile ni kusubiri. Unakaa kantini tangu chai ya asubuhi mpaka unahisi maji yote ya mto Kagera yamekwisha kupita chini ya daraja, na muhuri bado.

Katika kusubiri huko nikajuana na dereva mmoja aliyekuwa anakusanya sarafu za zamani. Akaniingiza kwenye kundi lao la simu. Humo watu hawaonani. Mtu anapiga picha sarafu yake, anaitupia kundini, wenzake wanamwambia hali yake ikoje na inaweza kuuzwa vipi. Nikajifunza kuzisoma. Unatazama kwanza sehemu zilizoinuka, maana ndizo zinazosuguliwa mifukoni: nyusi za mfalme, shavu lake, masharubu yake. Zikiwa zimelainika, sarafu imechoka. Kisha unatazama ukingo, mikwaruzo, rangi. Na ile ambayo haijapita mikononi mwa watu ina mng'ao wake wa kiwandani, ukiigeuza unaona mwanga unazunguka juu yake. Sarafu mbili za mwaka mmoja, zimetoka mashine moja, lakini iliyochoka utapewa jogoo, na isiyotumika utapewa ng'ombe na ndama wake.

Nikawa najua. Sikatai, nilijua kweli. Ikafika mahali wenye kundi wakawa wananiuliza mimi, na pale Rusumo wakanipa jina, Mtaalamu. Watu wa Ngara, watu wa Biharamulo, wote walioachiwa visarafu na mababu kwenye vikopo vya tumbaku, wakawa wananitumia picha. Nikaanza kutembea kifua mbele. Nikiulizwa kitu nisichokijua nakunja uso kidogo kama ninayefikiri, halafu nasema chochote. Neno "sijui" nililiona ni la watu wengine.

Sasa ikaja picha moja kutoka huku huku kwetu Murukulazo. Kuna mama mmoja, mjane wa kaka mkubwa katika ukoo fulani. Marehemu mumewe alimwachia rupia ya Mjerumani aliyoirithi kwa baba yake. Ilikaa kwenye kikopo chini ya nguo zake, na hakuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuishika. Mama mkwe wake akaanguka, akavunjika mguu vibaya, hospitali wakasema lazima apasuliwe awekewe chuma. Shemeji zake wakakaa wakiulizana watapata wapi. Yule mama akasema mwenyewe, kwa kinywa chake, "Kuna ile rupia ya baba. Si iuzwe, mama atembee?" Naomba mlikumbuke hilo. Aliyeitoa ni yeye.

Shemeji yake mkubwa akaipiga picha, akanitumia. Ilinikuta kantini, madereva wamenizunguka. Nikafungua. Jamani! Ilikuwa inameremeta. Yule mfalme wa Kijerumani na kofia yake yenye ndege juu, wote wanang'aa kama wametoka kiwandani jana. Mtu mwenye akili zake angesema, nipigieni nyingine kivulini, ilazeni kidogo, nipigieni na ukingo. Ndivyo mimi mwenyewe nilivyokuwa nawafundisha wengine. Lakini madereva walikuwa wananitazama, na mmoja akasema, "Mtaalamu huyu hatazami mara mbili." Basi kichwa kikavimba. Nikarekodi sauti palepale, kwa madaha, "Hiyo haijaguswa na mkono wa binadamu. Msithubutu kumuuzia mtu wa njiani. Mnunuzi nitawaletea mimi." Nikatuma, nikaagiza soda.

Sauti ile ilichezwa kila nyumba ya ukoo ule. Niliambiwa hata mama mkwe, na maumivu yake yote kitandani, aliomba aisikie tena.

Mnunuzi akapatikana, mgeni mmoja aliyekuwa anapita kwenda Rwanda. Shemeji wawili wakaja pale kantini Rusumo pamoja na yule mama, rupia ameifunga kwenye pindo la kitenge. Akafungua fundo mbele yetu, akaiweka mezani. Mgeni akatoa kioo chake kidogo cha kukuzia, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema kwa upole tu, "Hii imechoka sana." Akataja bei ya jogoo.

Shemeji mkubwa akatoa simu akaicheza sauti yangu. Ndugu zangu, ombeni msije mkasikia sauti zenu wenyewe zikijivuna mbele ya watu mliowatia hasara. Simu inasema haijaguswa na mkono wa binadamu, na rupia iko pale mezani, shavu la mfalme limelainika kama kipande cha sabuni, yule ndege wa kwenye kofia hata kifua hana. Wote wakanigeukia.

Nikaichukua mkononi. Nikafungua picha kwenye simu yangu, nikaviweka pamoja. Kwenye ukingo, karibu na bawa la yule ndege, kulikuwa na pengo dogo. Kwenye picha lipo, kwenye rupia lipo, mahali palepale, umbo lilelile. Ilikuwa rupia moja. Nikaikuza picha zaidi, nikaona kitu nilichopaswa kukiona siku ya kwanza: alama ya kidole gumba, na mistari yake yote, juu ya shavu la mfalme. Chuma kikavu hakishiki kidole namna ile. Yalikuwa mafuta.

Kabla sijafungua mdomo, yule mama akasema mwenyewe, taratibu, "Niliipaka mafuta kidogo kabla ya picha. Isipauke."

Shemeji mdogo akacheka, kicheko cha hasira. "Nani anapaka pesa mafuta, shemeji?"

Lakini ninyi mama zangu mnaelewa, naona mnatikisa vichwa. Kwetu hapa nani anapigwa picha amepauka? Mtoto akiitwa kwenye picha anakamatwa kwanza, anapakwa uso mpaka nyuma ya masikio. Hata mzee wa nyumba, akimwona mpiga picha anaulizia kikopo cha mafuta kabla ya kuulizia shati. Yule mama aliambiwa rupia ya baba mkwe inapigwa picha iende kwa watu wa mbali, akaipa heshima ileile ambayo angempa mtu wa nyumbani kwake. Jua la mchana likaangukia mafuta, na mimi Mtaalamu nikasoma mafuta ya kupakaa nikadhani ni mng'ao wa kiwandani.

Shemeji mkubwa akaniuliza, "Mtaalamu, tuambie wewe. Ni hii uliyoiona kwenye picha?"

Swali jepesi. Jibu lake ni ndiyo. Nikawatazama madereva kwenye meza ya pili, wananisikiliza. Nikamtazama mgeni, ambaye nilitaka anione mtu wa maana. Nikasema, "Siyo ile niliyoiona."

Nimekwisha kuliungama hilo kwa padre, ndugu zangu, lakini kulisema mbele yenu ni kugumu zaidi. Nipeni nafasi kidogo.

Yule mama alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alinikosea nini.

Yaliyofuata mnayajua. Wakasema ameibadilisha, rupia yenyewe ameipeleka Nemba kwa kaka yake. Wakamwambia nenda ukailete, na bila hiyo usirudi. Akaondoka na mwanawe na furushi moja. Sasa angeleta rupia gani, jamani, na iliyokuwepo ndiyo hiyo wanayo wao? Akakaa Nemba, akilima mihogo ya wifi yake, na huku kahawa yake ikachumwa na wengine. Mtoto akakosa shule. Mama mkwe akabaki kitandani, analilia mguu na anamlilia mkwe, maana ndiye aliyekuwa anamwogesha. Na sisi, tusifichane, tukitoka kanisani tulikuwa tunamwita mwizi. Nilikuwepo mkimwita hivyo. Nikanyamaza.

Mimi nilirudi kwenye makaratasi yangu, lakini kitu kiliharibika. Kila picha niliyotumiwa niliona kidole gumba. Nikaifuta ile picha kwenye simu, nikajitoa kundini. Nikaanza kulewa rubisi jioni, halafu mchana, halafu kabla ya chai. Siku moja nikapeleka makaratasi ya lori moja kwa mzigo wa lori jingine. Bosi wangu alinivumilia, kisha akachoka, na hakukosea. Nikarudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba kazi zimepungua mpakani.

Ikafika kipaimara cha binti yetu. Mpiga picha amekuja, binti yuko kwenye gauni lake jeupe, na mke wangu amemshika kidevu anampaka mafuta usoni. Akamwambia, "Tulia mwanangu, usije ukapauka kwenye picha."

Nilitoka nje kama mtu aliyeitwa. Nikaenda nyuma ya migomba nikalia, mtu mzima, na suti yangu ya kuazima. Mke wangu akanifuata huko, na nikamweleza yote, tangu kantini mpaka rubisi. Nilitegemea anibembeleze. Akasema, "Kumbe tulimtenga yule mama bure?" Kisha akasema, "Futa uso twende tukapige picha ya mtoto. Pa kwenda baada ya hapo unapajua."

Nilianzia kwa katekista wetu. Naye hakuzunguka. "Mungu umekwisha kumwambia," akasema, "na yule mama je?"

Nikapanda basi mpaka Biharamulo, nikachukua pikipiki hadi Nemba. Nikamkuta shambani, jembe mkononi. "Habari za Rusumo, Mtaalamu?" akaniuliza, na jina lile lilinichoma hata kabla sijakaa. Nikamweleza kwamba niliisoma vibaya picha, kwamba rupia ni ileile, kwamba hakuiba. Akaegemea jembe akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, yaani umetoka Ngara kote huko kuja kuniambia mimi kwamba sikuiba? Mimi nilikuwa najua. Kawaambie wasiojua." Akarudi kulima.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Nilimwambia nilikosea. Sikumwambia kwamba siku ile kantini nilijua. Kipande hicho nilikibakiza mfukoni, nikijidanganya kwamba kukosea wataniwia radhi, na hayo mengine ya nini kuyachokonoa.

Niliporudi nikamwomba shemeji mkubwa aite kikao. Ukoo ulikaa, yule mama akaja na kaka yake. Nikaomba rupia, na shemeji mkubwa akaitoa kwenye droo alikokuwa ameitupa. Nikaomba kikopo cha mafuta ya mgando. Wakanitazama kama mwehu. Nikaipaka, nikaiweka kwenye jua la saa sita, nikaipiga picha kwa simu ileile ya shemeji aliyopigia mara ya kwanza. Picha ya zamani alikuwa nayo bado. Nikawaonyesha zote mbili. Ukoo mzima ukainama juu ya ile simu. Mng'ao uleule, pengo lilelile karibu na bawa. Kisha nikaifuta rupia kwa kitambaa, nikaipiga tena, na mfalme akatoka amechoka, shavu halina kitu. Shemeji mdogo, yule aliyecheka, akakaa chini kwenye udongo.

Nikadhani nimemaliza. Nikaanza kuhutubia kwamba picha zinadanganya, kwamba mtu yeyote angeweza kukosea. Shemeji mkubwa akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Siku ile Rusumo ulikuwa nayo mkononi, na picha ulikuwa nayo. Pengo hili uliliona?"

Ningeweza kusema sikuliona. Nawaambia kweli, hakuna ambaye angejua mpaka leo. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kaka yake, hanitazami, anatazama mikono yake. Mikono ilikuwa imekwaruzwa na mihogo ya watu.

Nikasema, "Niliona."

"Kwa hiyo ulijua ni yenyewe?"

"Nilijua. Nilijua hata kabla hajasema habari ya mafuta. Niliona aibu mbele ya watu wa kantini, nikamtwisha yeye."

Yule mama akainuka akatoka nje. Kaka yake akanijia, na moyoni nikasema anipige tu, lakini wazee wakamshika. Hapo ndipo tuliposikia sauti ya mama mkwe kutoka chumbani alikolala, mlango ulikuwa wazi na alikuwa amesikia yote. Akasema, "Mleteni mkwe wangu ndani." Kikao kikaishia hapo, na mimi nikabaki uani na kikopo cha mafuta mkononi, sijui nimrudishie nani.

Alirudi nyumbani kwake. Shemeji zake wakamlimia msimu ule, na mimi nikawa nao, nikapewa upande wa mawe, sawa kabisa. Niliuza ng'ombe wangu na ndama wake, na ninyi mkachangia, hata mkiwa hamjui ng'ombe yule alikuwa analipia nini. Mama mkwe alipasuliwa, na sasa anatembea kwa fimbo. Rupia haikuuzwa, imerudi kwenye kikopo chake. Lakini kahawa ya mwaka ule haikurudi. Na mtoto wa yule mama yuko darasa la nyuma ya wenzake. Kila asubuhi anapita kwangu na sare yake, ananiamkia vizuri tu, na mimi naitikia nikitazama pembeni.

Namshukuru mke wangu, ambaye hakunibembeleza. Namshukuru katekista wetu kwa lile swali lake fupi. Nawashukuru wazee wa ukoo ule walioushika mkono uliostahili kunipiga, na shemeji mkubwa kwa kuniuliza nilichokuwa nakificha. Na ninyi jumuiya, mliokuwa mnaniwekea kiti kila wiki bila kujua mnamwekea nani, asanteni sana.

Ninachowaomba ni kidogo. Ukiletewa jambo la mtu kwa picha, au kwa maneno ya watu, usilipimie kantini huku unatazamwa. Omba ulishike. Na kama hujui, sema hujui. Mimi siku hizi nalisema neno hilo, ingawa ulimi bado unagoma. Na ukikosea, sema palepale, soda ikiwa bado mezani. Nilichelewa, na siku zote nilizochelewa alizilima yule mama Nemba.

Hajaniambia kwamba amenisamehe. Na mimi simwulizi, sina uso wa kuuliza. Lakini leo tulipokuwa tunapanga mabenchi hapa alinipita, akasimama, akarudi, akanitazama usoni. Nikasema moyoni, haya, leo yanakuja, na yaje. Akasema, "Baba, ndiyo unakwenda kusimama mbele za watu umepauka hivyo?" Akatoa kikopo kwenye mkoba wake, akanichotea kiganjani, akaenda zake kukaa.

Nikapaka, mpaka nyuma ya masikio. Kwa hiyo huu uso mnaouona unang'aa, ndugu zangu, msiusome vibaya kama nilivyosoma mimi. Ni mafuta yake tu.